Titye Hakuna Reli

Nyumbani kwetu maharage yalibandikwa Sitini na Moja ilipotoka Uvinza.

Sitini na Moja ni treni ya mizigo. Kutoka Uvinza mpaka kwetu Titye kuna milima, mabonde na barabara mbovu ya kula siku nzima, na hakuna mtu wa Titye aliyewahi kusikia honi ya treni akiwa shambani kwake. Lakini kila siku, jua likikaribia utosini, baba alikuwa ananyoosha mgongo, anatazama kivuli cha mpini wa jembe lake, halafu anatangaza kwa sauti ya kazini: "Sitini na Moja imetoka Uvinza!" Mama anabandika chungu. Ikipita Kazuramimba, anatia chumvi. Ikiingia Kigoma, tunakula.

Majirani walimwita baba Stesheni Masta wa Migombani. Watoto waliokuwa wakienda kuteka maji waliigiza honi wakipita mbele ya nyumba yetu, kisha wakakimbia. Mimi nilijificha ndani. Naandika ukweli: niliona haya. Mimi ni mtu wa kuona haya tangu zamani, hata salamu ya makofi ambayo sisi Waha tunampigia mkubwa, mimi napiga kimyakimya kama mtu anayekung'uta unga mikononi. Ndiyo maana naandika. Kwenye daftari hakuna anayekutazama mdomoni.

Baba hakuwa stesheni masta. Alikuwa karani kwenye stesheni ndogo kati ya Uvinza na Kigoma, na mimi nilizaliwa hapo, kwenye nyumba za wafanyakazi, hatua chache kutoka kwenye mataruma ya reli. Nilipokuwa darasa la sita walikuja watu na orodha, wakasoma majina ya waliopunguzwa kazi, na jina la baba lilikuwamo. Tukapakia vitanda na kuku kwenye lori, tukapanda milima mpaka Titye kwenye shamba la babu. Vitu vya kazini alirudisha vyote: bendera, taa, filimbi, kofia. Hakurudisha kitabu cha ratiba, kwa sababu hakuna aliyemwomba.

Kitabu hicho kilikuwa cha wafanyakazi tu, si cha abiria. Ndani yake kila treni ilikuwa na namba yake, na kila stesheni ilikuwa na saa yake. Siku za mvua, wakati hatuwezi kulima, baba alinikalisha karibu naye, akafungua kitabu magotini, akanifundisha. Kaka zangu hawakutaka. Mama alisema, "Mfundishe basi na kupika." Baba akasema, "Kupika anafundishwa na Sitini na Moja."

Basi nilijifunza. Treni zinazotoka pwani zilikuwa na namba witiri, zinazorudi pwani zilikuwa na namba shufwa. Namba ndogo ni za abiria, namba kubwa ni za mizigo, na mwenye namba kubwa humpisha mwenye namba ndogo. Treni ya mizigo inaingizwa njia ya pembeni, inakaa hapo kimya, abiria wanapita wakiwa na kelele zao na maembe yao madirishani, ndipo nayo inaruhusiwa kuendelea. Baba alisema kwamba karani mzee aliyemfundisha kazi alikumbuka enzi ambapo treni za mizigo hazikuwa na namba kabisa. Ziliitwa kwa kile zilichobeba: ya chumvi, ya pamba, ya mafuta. Halafu treni mbili za chumvi zikawa zinakutana njiani siku moja, watu wakachanganyikiwa, ndipo namba zikaja. Jumuiya ya nchi tatu ilipovunjika, kikaja kitabu kipya, namba nyingi zikahamishwa, na treni nyingine zilizokuwamo kwenye kitabu cha zamani hazikuonekana tena. Baba alizisema kwa sauti ya chini, kama mtu anayetaja watoto waliofariki.

Halafu wakaja Warundi kwa maelfu, mwaka ule ambao barabara ya kwenda Kibondo ilijaa watu wenye magodoro vichwani. Mahindi na maharage yao yalikuja kwa reli mpaka Kigoma, kisha kwa malori. Treni hizo hazikuwamo kitabuni. Zilipewa namba yenye herufi X nyuma yake, maana yake treni isiyo na nafasi kwenye ratiba, ambayo lazima itafutiwe nafasi hivyo hivyo. Niliipenda herufi hiyo. Babu yangu alivuka mpaka kutoka Burundi akiwa na baba mgongoni, na pale Titye wapo wanaotukumbusha mpaka leo.

Lakini kitu nilichokipenda kuliko vyote ni siku ya kuzaliwa.

Treni ya mizigo inatumia siku tatu, wakati mwingine nne, kutoka Dar es Salaam mpaka Kigoma. Na Sitini na Moja iliondoka kila siku. Kwa hiyo wakati wowote ule, kwenye reli hiyo moja, zilikuwapo Sitini na Moja tatu: moja iko karibu na Morogoro, nyingine imefika Tabora, nyingine inakaribia kwetu. Sasa karani wa Tabora akimpigia simu karani wa Uvinza, atamwambiaje ni ipi? Anamtajia siku iliyoondoka pwani. Sitini na Moja ya Jumatano ni ile iliyozaliwa Dar Jumatano, na itaitwa ya Jumatano mpaka iingie Kigoma, hata kama inaingia Jumamosi. Hata behewa lililofungwa Dodoma, siku ya pili yake, linaandikwa Jumatano kwa chaki ubavuni, kwa sababu treni iliyolivuta ni ya Jumatano.

"Na ikichelewa wiki nzima?" nilimuuliza baba.

"Ya Jumatano."

"Ikianguka?"

"Imeanguka ya Jumatano."

Niliyaandika yote haya daftarini. Nilidhani ni yangu na baba tu, hayatamgusa mtu mwingine.

Nilipofika kidato cha tatu, shule yetu ya bweni pale Kasulu ilikuwa inakula mahindi kutoka Dodoma. Mavuno ya kwetu yalikuwa mabaya msimu ule, na mahindi machache yaliyopatikana yalifuatwa na wachuuzi wa kule kambini kwa wakimbizi, Nyarugusu. Mwalimu wetu wa Kiswahili ndiye aliyekuwa mwangalizi wa stoo ya chakula. Alikuwa kijana, mrefu, mwenye mashati yaliyopigwa pasi hata mwezi wa vumbi. Alifundisha vizuri, siwezi kumsingizia. Lakini alikuwa hapendi kukosolewa, hasa na msichana, hasa na msichana asiyesema.

Siku moja ilifika telegramu: behewa moja la mahindi, treni ya Jumatano. Mwalimu akakodi lori, likaenda Kigoma Jumatano hiyo hiyo. Halikukuta kitu. Likarudi na kuni. Jumatano iliyofuata likaenda tena, likakuta mahindi yapo pale tangu Jumamosi, yameshushwa nje kwa sababu maghala yote yalikuwa yamejaa chakula cha wakimbizi, na mvua imeyanyeshea siku nne. Tulikula ugali wenye harufu ya soksi mpaka likizo. Wavulana waliuita Ugali Kamasi.

Muhula uliofuata mwalimu akatupa insha: Historia ya kitu kimoja cha kwetu. Alama zake zingeingia kwenye alama za maendeleo, zile zinazojumlishwa na mtihani wa mwisho wa kidato cha nne, kwa hiyo hakuna aliyefanya mchezo. Wengine waliandika ngoma, wengine kahawa, wengine uhunzi. Mimi niliandika "Historia ya namba za treni za mizigo". Niliandika kurasa sita. Na ukurasa wa tano niliandika hivi, nanukuu daftari langu mwenyewe:

"Ndiyo maana lori la shule lilikwenda Kigoma Jumatano likarudi na kuni, na mahindi yakanyeshewa: aliyesoma telegramu hakujua kwamba treni ya mizigo inabeba siku iliyozaliwa, siyo siku itakayofika."

Naapa sikumlenga. Niliona ni mfano mzuri, basi. Kalamuni mimi sina haya, na hilo ndilo tatizo langu.

Aliporudisha madaftari, langu alilishika mwisho. Akasimama mbele ya meza yangu.

"Simama, binti. Wewe ni mtu wa wapi?"

"Titye, mwalimu."

"Titye kuna reli?"

Darasa lilianza kucheka hata kabla sijajibu. "Hakuna, mwalimu."

"Nilisema kitu cha kwetu. Titye hakuna reli. Kasulu nzima hakuna reli. Hii umeiokota wapi?"

"Kwa baba, mwalimu."

"Aha! Stesheni Masta!" mtu akasema nyuma, na mwingine akapiga honi. Mwalimu aliwaacha wacheke, kisha akafungua ukurasa wa tano, akaweka kidole.

"Hapa. 'Aliyesoma telegramu hakujua.' Aliyesoma telegramu ni nani?"

Ningeweza kunyamaza. Kunyamaza ndiyo kazi ninayoiweza kuliko zote. Lakini aliniuliza swali, na jibu nilikuwa nalo.

"Ni wewe, mwalimu."

Mwalimu aliweka daftari mezani. Kwa wino mwekundu alikuwa ameandika sifuri, na ubavuni mwa sentensi ile alama kubwa ya kuuliza.

"Futa sentensi hiyo moja," alisema taratibu. "Moja tu. Nitakupa alama zako. Usipoifuta, sifuri itakwenda na wewe mpaka kwenye cheti."

"Sifuti, mwalimu."

Sauti yangu ilitoka ndogo kama ya panya, lakini ilitoka. Nilifyeka nyasi za nyuma ya bwalo kwa siku tatu. Darasani wakanipa jina la Behewa. "Behewa, leo nani anakuvuta?" Mwenzangu wa dawati, msichana wa Muyama mwenye mdomo wa wembe, alinishauri kila mapumziko. "Acha zako wewe. Futa, chukua alama, halafu andika tena kwenye daftari lako la siri. Nani atajua?"

"Mimi."

"Wewe umezidi sasa."

Mwisho wa mwezi nilikwenda nyumbani, nikawaambia. Mama ni mtu wa Kibondo, na Kibondo nako hakuna reli. Aliweka mikono kiunoni. "Sentensi moja, mwanangu? Kwa ajili ya sentensi moja uharibu cheti? Mimi nimefuta mambo mangapi katika maisha yangu!" Baba alisoma insha yote, kurasa sita, kidole kikifuata mistari. Nilingoja anisifu. Hakunisifu. Alisema, "Ni miaka minne sasa sijakanyaga stesheni," kisha akatoka kwenda kufunga mbuzi.

Hapo ndipo nilipoogopa kweli. Mwalimu sikumwogopa hivyo. Niliogopa kwamba baba naye alikuwa na shaka, na mimi nilikuwa nimeweka cheti changu chote juu ya neno lake.

Jumatatu yake baba alikuja shuleni. Alikuwa amevaa koti lake la zamani, vifungo vimepunguka, na kitabu cha ratiba kwapani kimefungwa kwa kitambaa. Mwalimu alimpa heshima yake, sitaki kusema uongo. Alimpa shikamoo, akamvutia kiti.

"Mzee, nisikilize. Binti yako ana akili. Ila ana kiburi. Na tuseme ukweli, Titye hakuna reli."

"Najua, mwalimu," baba alisema. "Nimeitafuta."

Mwalimu alivuta droo, akatoa telegramu mpya iliyofika siku ile. Behewa moja la mahindi, treni ya Jumatano. Akaiweka juu ya meza kati yao.

"Haya. Lori liende lini?"

Baba hakufungua kitabu. "Jumamosi."

"Siyo Jumatano?"

"Jumatano inazaliwa tu. Ukienda Jumatano utarudi na kuni."

Nilitamani ardhi inimeze, na nilitamani kucheka, vyote pamoja. Mwalimu alinitazama mimi, siyo baba. "Sawa. Jumamosi. Tutakwenda sote watatu. Mzigo ukiwapo, nitaisoma upya insha. Usipokuwapo, binti, unaifuta sentensi pale pale stesheni, na Jumatatu unaniomba radhi mstarini mbele ya shule nzima. Tumeelewana?"

Baba alinigeukia. Hakuniambia ndiyo wala hapana. "Tumeelewana," nikasema.

Jumamosi tulipanda lori alfajiri. Baba alikaa mbele na dereva, mimi na mwalimu nyuma juu ya maturubai, tumeshika kamba, hatuzungumzi. Vumbi lilizifanya nyusi za mwalimu kuwa nyeupe. Tulifika Kigoma saa saba mchana, na baba alishuka kabla lori halijasimama sawasawa.

Karani wa mizigo alikuwa kijana aliyenyoa vizuri, chai ya rangi mbele yake. Baba alisimama dirishani, akavuta pumzi, akauliza kwa ile sauti ya kazini.

"Sitini na Moja ya Jumatano imefika wapi?"

"Sitini na Moja?" Kijana alikunja uso. "Mzee, hiyo haipo."

"Ya mizigo. Kutoka Dar."

"Haipo, mzee wangu. Kitabu kilibadilishwa mwaka juzi. Sasa hivi ya mizigo ni Themanini na Tatu." Akageuza kitabu chake ili baba aone. Kilikuwa na jalada jipya. Baba alipitisha kidole kwenye safu, Tabora, Kaliua, Uvinza. Saa zote zilikuwa nyingine. Treni ya mizigo haikuwa inatoka Uvinza adhuhuri tena. Ilikuwa inapita pale sisi tukiwa bado na chai ya asubuhi. Baba alikifungua cha kwake, akaviweka vitabu viwili sambamba, akavitazama kwa muda mrefu sana.

"Kwa hiyo mahindi yako wapi?" mwalimu aliuliza.

"Behewa lenu? Halijafika."

Mwalimu alinigeukia. Hakuwa na ubaya usoni, na hilo liliniuma zaidi. Alikuwa anatabasamu kama mtu anayemsaidia mgonjwa. "Haya, binti. Kalamu unayo?"

Kalamu nilikuwa nayo. Insha nilikuwa nayo pia, nimeichomoa daftarini na kuikunja kwenye soksi. Nilimtazama baba, naye alikuwa bado ameinamia vitabu viwili, haoni mtu. Nilijua kwamba nikifuta sasa, sitakuwa nimefuta sentensi tu.

Nilisogea dirishani. Nilikuwa sijawahi kuzungumza na mwanaume nisiyemjua kabla ya siku hiyo, labda makondakta.

"Kaka, samahani. Hiyo Themanini na Tatu ya Jumatano iko wapi sasa hivi?"

Kijana alitazama karatasi yake. "Ya Jumatano... imechelewa. Kuna maji njiani kule kwenye mabwawa ya Malagarasi. Imetoka Kaliua leo. Kesho mchana itaingia hapa, Mungu akipenda."

"Leo ni siku gani, kaka?"

Alinitazama kama anayemtazama mtu mwenye homa. "Jumamosi, dada."

"Na kesho ikiingia, itakuwa Jumapili. Mtaiitaje?"

"Themanini na Tatu ya Jumatano. Tuiiteje tena?"

"Kwa nini isiitwe ya Jumapili?"

"Kwa sababu iliondoka Jumatano!" alisema, akawageukia wakubwa wawili kana kwamba anawaombea radhi kwa mtoto wao. "Jamani, huyu anasoma kidato gani?"

Baba aliinua kichwa. Mwalimu alitoa leso akafuta vumbi la nyusi, polepole, nyusi moja kisha nyingine.

Dereva alikuwa na dada yake pale Mwanga, mtaa wa Kigoma, tukalala huko, wanaume sebuleni na mimi na watoto. Jumapili mchana treni iliingia. Mabehewa yalikuwa na matope mpaka magotini, kama watu. Behewa letu lilikuwa la tisa, na ubavuni kwa chaki, mwandiko wa haraka wa mtu aliyesimama kwenye kokoto, waliandika 83, kisha JUMATANO. Baba aliweka kiganja karibu na chaki bila kuigusa, isije ikafutika. Mwalimu alisimama nyuma yetu akaisoma. Najua aliisoma kwa sababu midomo yake ilitembea.

Magunia yalikuwa makavu. Wakati wapagazi wanapakia, mwalimu alinijia.

"Jumamosi aliyoitaja baba yako haikuwa kweli. Imefika Jumapili."

"Safari hii nitaandika Jumapili, mwalimu. Lakini sifuti."

"Na Sitini na Moja? Umesikia mwenyewe, haipo. Insha nzima umeandika treni isiyokuwapo."

"Kichwa cha insha kinasema historia, mwalimu."

Alikwenda kumfokea mpagazi aliyekuwa hana kosa lolote.

Njiani kurudi, sasa mimi nilikaa mbele katikati ya dereva na baba. Tulipoanza kupanda milima, baba akasema, "Miaka miwili nzima naondosha treni ambayo haipo." Alimwambia mama hivyo hivyo lori lilipotushusha Titye, akiwa bado mlangoni na koti lake. Mama alikuwa akipepeta. Hata hakusimamisha ungo.

"Kwani maharage hayakuiva?"

Baba alikaa kwenye kigoda, akacheka mpaka akakohoa. Mimi nilichukua kalamu, na chini ya ukurasa wa sita nikaongeza mistari minne: kwamba kitabu kimebadilika, Sitini na Moja sasa ni Themanini na Tatu, saa zimesogea, na siku ya kuzaliwa imebaki palepale. Sentensi ya ukurasa wa tano sikuigusa.

Ungedhani mambo yaliishia hapo. Hayakuishia. Mwalimu aliichukua insha, akasema ataisoma upya, akakaa kimya wiki baada ya wiki, kisha akanirudishia bila kuigusa sifuri yake. Sikumkumbusha, kwa sababu mimi ni mimi. Mwisho wa mwaka tuliitwa ofisini kwa mkuu wa shule, mmoja mmoja, kutia sahihi kwenye fomu ya alama za maendeleo kabla hazijapelekwa. Mkuu wetu alikuwa mama mnene mwenye miwani ya kamba, anayeongea kidogo kuliko hata mimi. Mwalimu wa Kiswahili alisimama pembeni na fomu.

Kwenye mstari wangu, chini ya Kiswahili, kulikuwa na sifuri.

"Tia sahihi," mkuu alisema.

"Hapana, mama."

Mkuu alivua miwani.

"Hapana nini?"

"Sitii sahihi kwenye sifuri. Mwalimu alisema mzigo ukiwapo ataisoma upya insha yangu. Mzigo ulikuwapo. Na alitaka nifute sentensi, na sentensi ni ya kweli." Nilitoa insha, nikaiweka mezani imefunguliwa ukurasa wa tano.

Mkuu aliisoma hapo hapo. Alisoma mpaka mwisho, pamoja na ile mistari minne. Kisha akamgeukia mwalimu, bila ukali wowote, kama anayemuuliza habari za nyumbani.

"Mahindi ya muhula ujao yanakuja lini, mwalimu?"

"Telegramu imefika jana, mama. Treni ya Jumatano."

"Na lori umelikodi la siku gani?"

Mwalimu alitazama dirishani. Huko nje mpishi alikuwa akipasua kuni, na tulisikia shoka mara nne, mara tano.

"Jumamosi, mama," alisema. "Nimemwambia dereva ajiandae kulala."

Mkuu alivaa miwani tena. Aliisukuma fomu taratibu juu ya meza mpaka ikasimama mbele ya mwalimu, pamoja na kalamu.

Mwalimu aliinama. Alikata sifuri kwa mstari mmoja, akaandika pembeni hamsini na mbili, akaweka herufi za jina lake.

"Mwandiko wako mbaya," aliniambia bila kunitazama. "Na mkato hujui kuuweka."

"Ndiyo, mwalimu."

Hilo nilikubali, kwa sababu ni kweli. Hakuniomba radhi, nami sikumwomba. Hamsini na mbili si alama za kumringia mtu; msichana wa Muyama aliyeandika kahawa alipata sabini na nane, na kahawa yenyewe hajawahi kuichuma. Lakini kila mstari niliouandika ulikuwamo ndani ya hizo hamsini na mbili. Nikaishika kalamu, nikatia sahihi, jina langu lote, mpaka likavuka nje ya kisanduku.